Hivi ile sayari ya almasi ipo kweli? Wajuvi wa anga naomba mnieleweshe

#1 Kimulimuli
Wakuu salaam.

Kuna sayari inaitwa 55 Cancri e, iko umbali wa miaka ya nuru 41. Kila nikisoma habari zake naambiwa theluthi yake ni almasi, uzito wa Dunia kama tatu hivi za almasi tupu. Jana nimelala na swali, leo nimeamka nalo: wamejuaje? Chombo hakijafika huko. Hakuna aliyeleta hata punje ya vumbi. Picha zote tunazoziona zimechorwa na wasanii. Mtu anakaaje hapa Duniani akasema ndani ya sayari ile kuna almasi, tena akataja na kiasi chake?

Msimamo wangu nauweka wazi. Sayari naamini ipo. Almasi nadhani imetiwa chumvi. Mwenye elimu anikosoe.

#2 Mzee_Falaki
Swali la maana. Sayari ipo, iligunduliwa 2004. Mwaka wake ni saa kama 18 tu: inamaliza kuizunguka nyota yake kabla siku yetu moja haijaisha. Almasi ilikuja baadaye, 2012. Waachieni vijana wa hesabu waanze, nitarudi.

#3 Kokotoo
Kimulimuli, kwa sayari hii vinavyopimwa hasa ni viwili: uzito na upana. Mengine yanajengwa juu ya hivyo.

Uzito unapatikana kwa kuitazama nyota. Sayari inapozunguka inaivuta nyota, nyota nayo inayumba. Ikija upande wetu mwanga wake unasogea kidogo kuelekea buluu, ikienda mbali unasogea kuelekea nyekundu. Ndivyo Michel Mayor na Didier Queloz walivyoipata 51 Pegasi b mwaka 1995, kazi iliyowapa Nobeli 2019. Upana unapatikana sayari ikipita mbele ya nyota: inaziba sehemu ya mwanga, unapima umepungua kiasi gani.

Sasa hesabu. 55 Cancri e ina uzito wa Dunia 8 na upana wa Dunia 1.88. Zidisha 1.88 yenyewe kwa yenyewe mara tatu, unapata karibu 6.6. Huo ndio ujazo wake ukilinganisha na Dunia. Gawa 8 kwa 6.6, ni 1.2. Dunia yetu ina wastani wa gramu 5.5 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo hii ina kama 6.6.

Utasema basi ni nzito kuliko Dunia, imejaa chuma. Hapana. Sayari yenye uzito mara nane inajikandamiza yenyewe kwa nguvu kubwa. Mchanganyiko wetu huu wa mawe na chuma ukiukandamiza hivyo unafika karibu gramu 8. Maana yake 55 Cancri e ni nyepesi kuliko ilivyopaswa kuwa. Kuna kitu chepesi humo ndani, au kimeizunguka kwa nje. Ni kitu gani? Mabishano yote yameanzia hapo.

#4 Kimulimuli
Na almasi ndiyo hicho kitu chepesi?

#5 Kokotoo
Ni mshukiwa mmojawapo. Almasi ya kawaida ina gramu 3.5, nyepesi kuliko chuma kwa mbali. Lakini maji nayo ni mepesi, na gesi ni nyepesi zaidi. Kwanza kabisa, 2011, wengi walidhani ni blanketi nene la maji yaliyobanwa na kuchemka hadi hayajulikani ni mvuke au kimiminika. Hesabu inakubali maji, inakubali kaboni, inakubali gesi. Mizani haikwambii kilichomo kwenye gunia.

#6 Dada_Kimondo
Kokotoo ameeleza vizuri, ila kipande kimoja kimebaki. Watu hawakuokota almasi hewani. Mwaka 2012 mtafiti Nikku Madhusudhan, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzake, waliitazama nyota yenyewe. Nyota na sayari zake hutokana na wingu moja la gesi na vumbi, kwa hiyo nyota ni kama daftari la vilivyokuwamo. Vipimo vya wakati ule vilionyesha kaboni ya nyota ile imezidi oksijeni: 1.12 kwa 1. Kwa Jua letu ni karibu 0.55.

Namba hiyo ina uzito wake. Oksijeni ikiwa nyingi, silikoni inaikamata na unapata mawe kama yetu. Kaboni ikifika karibu 0.8 na kuendelea, mambo yanageuka: silikoni inashikwa na kaboni, na kaboni inayobaki inakuwa grafiti. Zika grafiti chini ya maelfu ya kilomita za mawe, inageuka almasi. Hesabu yao ikakubaliana na uzito na upana bila kuhitaji tone la maji.

Mwaka mmoja tu baadaye, 2013, Johanna Teske na wenzake wakapima upya oksijeni ya nyota hiyo. Mstari wa oksijeni kwenye spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa rangi kwa rangi) ni mwembamba na umekaa karibu na mstari wa nikeli, ni rahisi kuchanganya. Wao wakapata 0.78. Kutoka 1.12 hadi 0.78, na mpaka wenyewe uko 0.8.

Kwa hiyo Kimulimuli, ulichohisi si cha kupuuzwa. Lakini nisingesema imetiwa chumvi. Lilikuwa wazo halali lililosimama juu ya kipimo, na kipimo kikasogea.

#7 Mchimba_Mawe
Mimi naongezea upande wa mawe. Kazi yangu ni kukata mawe vipande vyembamba vya milimita 0.03 na kuvitazama kwa hadubini. Kwa unene huo jiwe linapitisha mwanga kama kioo. Ukiweka olivini, yale madini ya kijani, chini ya vichujio viwili vya mwanga na kuizungusha, inawaka waridi, buluu, kijani, kisha inazima kabisa, kisha inawaka tena. Karibu kila jiwe ninaloshika ni silikoni iliyoshikana na oksijeni. Kwenye sayari ya kaboni nisingekuta olivini wala kwatsi. Ningekuta silikoni kabaidi, ile inayotengenezewa mawe ya kunolea, na grafiti nyeusi.

Na kuna jambo watu hawalifikirii: almasi inapitisha joto mara tano hivi kuliko shaba. Sayari yenye joho nene la almasi ingepoteza joto la ndani upesi. Mawe ya ndani yasingetokota na kupanda kama yetu. Usitegemee volkano wala mabara yanayosogea. Kwa hiyo hata kama ipo, ni sayari iliyoganda kwa ndani.

Mwaka 2020 watafiti wa Arizona State walichukua silikoni kabaidi, wakailowesha maji, wakaibana kati ya ncha mbili za almasi na kuichoma kwa leza. Ikageuka almasi na silika. Maana yake sayari ya kaboni ikipata maji, inaweza kujitengenezea almasi zaidi.

#8 Kimulimuli
Dada_Kimondo, Mchimba_Mawe, shukrani. Nafuta neno "chumvi". Endeleeni.

#9 FundiChuma
Mimi si mtu wa falaki, kazi yangu ni kuyeyusha chuma. Nimesikia kuna sayari mvua yake ni ya chuma, WASP-76 b. Kabla hamjanieleza, niwaeleze chuma cha moto kilivyo maana nakiona kila siku.

Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538. Ukikimimina kwenye kalibu kikiwa 1,600 kinang'aa njano inayokaribia nyeupe, bila miwani huwezi kukitazama. Juu yake unapanda moshi wa kahawia. Moshi ule ni chuma chenyewe: kidogo kimegeuka mvuke, kikakutana na oksijeni ya hewani, kikawa kutu laini kuliko unga. Kinakaa kwenye kola ya shati na hakitoki kwa kufua.

Swali langu ni hili. Huko kinachonyesha ni chuma au ni kutu?

#10 Mzee_Falaki
FundiChuma, hilo swali sijawahi kuliona likiulizwa na nimefuatilia mambo haya miaka mingi. Dada_Kimondo njoo.

#11 Dada_Kimondo
Ni chuma, kama kinanyesha. Angahewa ya WASP-76 b ni hidrojeni kwa sehemu kubwa, kama ya Mshtarii. Oksijeni iliyomo imeshakamatwa na hidrojeni na kaboni, haiko huru. Kwa hiyo mvuke wa chuma ukipoa unakuwa tone la metali, si kutu. Moshi wako wa kahawia hauwezi kutokea kule.

Nimesema "kama" kwa sababu. Sayari hii inaielekezea nyota yake uso uleule siku zote, upande wa mchana unazidi nyuzi 2,400, upande mwingine ni usiku wa milele. Mwaka 2020 David Ehrenreich na wenzake, wakitumia kifaa cha ESPRESSO kwenye darubini kubwa ya VLT kule Chile, waliona mvuke wa chuma kwenye ukingo wa jioni, pale mchana unapoingia usiku. Kwenye ukingo wa asubuhi hawakuuona. Wakasema: chuma kimeingia usiku kikiwa mvuke, hakikutoka. Bila shaka kimeganda na kudondoka.

Baadaye wengine wakaonyesha kwa mifano ya kompyuta kwamba ukingo mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, au mawingu yakiwa juu upande mmoja, unapata dalili ileile bila mvua yoyote. Mvuke wa chuma umeonekana. Mvua haijaonekana.

#12 FundiChuma
Nimekuelewa. Kwa hiyo chuma kingekuwa kisafi kuliko changu.

#13 NuktaSaba
Nyie mnabishania almasi na chuma, mimi naleta kioo. HD 189733 b, miaka ya nuru kama 64 kutoka hapa. Rangi yake buluu kama Dunia, ukiiona utasema nyumbani. Kumbe buluu ile ni vumbi la kioo, na kioo hicho kinapigwa na upepo wa kilomita zaidi ya 8,000 kwa saa. Mvua ya kioo inayokwenda ubavu. Hii imethibitishwa kabisa.

#14 Mzee_Falaki
NuktaSaba mwanangu, punguza "kabisa". Buluu imepimwa kweli, 2013, kwa darubini ya Hubble: sayari ilipojificha nyuma ya nyota, mwanga uliopungua ulikuwa wa buluu. Upepo nao umepimwa. Kioo ni tafsiri. Mwaka 2008 walisema angahewa yake inatawanya mwanga kama vumbi la silikati, madini ya silikoni na oksijeni. Mwaka 2014 wengine wakajibu kwamba nyota ile ina madoa mengi, na madoa yanaweza kutoa dalili hiyohiyo.

Kilichoonekana bila ubishi mkubwa huko, 2024, kwa darubini ya James Webb, ni hidrojeni salfaidi. Gesi ya yai viza.

#15 NuktaSaba
Sayari nzuri namna ile inanuka yai viza! Mzee umenivunja moyo.

#16 Mchimba_Mawe
Usivunjike. Kama unataka kioo kilichoonekana chenyewe, nenda WASP-17 b. Mwaka 2023 James Webb ilikuta kwenye mawingu yake chembe za kwatsi, silika safi, ukubwa wa nanomita 10 hivi. Chembe 10,000 ukizipanga mstari mmoja zinafika unene wa unywele. Wengi walitarajia silikati zenye magnesiamu, kama olivini. Ikaja kwatsi tupu, ile ninayoikuta kwenye mchanga. Siku niliyosoma habari ile nilichukua kipande cha kwatsi nikakishika muda mrefu.

#17 Jicho_la_Usiku
Nimekuwa nasoma kimya, lakini HD 189733 b imenitoa. Hii sayari nimeipima mwenyewe.

Darubini yangu kioo chake ni sentimita 20, nimefunga kamera nyuma. Nyota yake haionekani kwa macho lakini ni rahisi kuipata, iko jirani kabisa na M27, nebula, yaani wingu la gesi angani. Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kutafuta picha kali. Nyota ikawa nukta nyeupe iliyojaa hadi kamera haiwezi kuhesabu zaidi, usiku mzima ukapotea. Mara ya pili nikalegeza fokasi makusudi, nyota ikavimba kama sahani ndogo yenye tundu katikati, mwanga ukasambaa kwenye chembe nyingi za kamera. Nikapiga picha moja kila nusu dakika, saa nne mfululizo, nikalinganisha na nyota mbili za jirani zisizobadilika.

Asubuhi nikapanga nukta. Mstari ulikuwa sawa, ukashuka, ukakaa chini, ukapanda. Kushuka hadi kupanda ni saa moja na dakika kama 48. Nilikaa nikiutazama ule mstari, nikatoka nje, nikarudi kuutazama tena. Dunia nyingine ilikuwa imepita mbele ya jua lake na kivuli chake kimeangukia uani kwangu.

Usiku wa leo inapita tena. Mawingu yakiniacha nitaleta matokeo hapa.

#18 Kimulimuli
Jicho_la_Usiku tunakusubiri. Usituache hewani.

#19 Kokotoo
Ukileta kina cha mshuko nitakutolea upana wake hapahapa.

#20 NuktaSaba
Mzee kanirekebisha, ila hii hamnikatalii: GJ 367 b ni chuma tupu. Uzito wa Dunia 0.63, upana 0.70, inazunguka nyota yake kwa saa 7.7. Kokotoo thibitisha.

#21 Kokotoo
0.70 mara tatu yenyewe ni 0.343. 0.63 gawa kwa hiyo ni 1.84. Zidisha kwa 5.5, inakuja gramu 10 na kidogo. Chuma cha kawaida ni 7.87, kikikandamizwa kinapanda. Hapo NuktaSaba yuko karibu. Ila kumbuka hesabu ya kwanza, 2021, ilitoa kama 8. Hii ya 10 ni ya 2023, baada ya uzito kupimwa upya.

#22 Mchimba_Mawe
"Tupu" sikubali. Makadirio ya 2023 yanasema kiini cha chuma kinafika asilimia 91 ya uzito wake. Hiyo 9 inayobaki ni mawe, na mimi ni mtetezi wa mawe.

Lakini jambo kubwa ni imekuwaje. Utaridi wa kwetu una tatizo hilohilo, kiini chake ni karibu asilimia 70 ya uzito wote, na hatujakubaliana hadi leo. Kuna wanaosema ni ajali: sayari iligongwa na nyingine, joho la mawe likarushwa, kikabaki kiini. Kuna wanaosema ilizaliwa hivyo, karibu na nyota chembe za chuma zilishikana upesi kuliko za mawe. Kwa GJ 367 b unaongeza la tatu, joto lilichemsha mawe ya juu yakapeperuka kidogokidogo.

Mimi naelemea ajali. Mgongano mmoja lakini hautoshi kuvua mawe kiasi hicho, itabidi iwe zaidi ya mmoja.

#23 Dada_Kimondo
Mimi siafiki ajali peke yake. Vipande vilivyorushwa huwa vinazunguka njia ileile, sehemu kubwa vinairudia sayari. Lazima kuwe na kitu cha kuvifagia. Naona kuzaliwa na chuma kingi kunaeleza vizuri zaidi.

#24 Mchimba_Mawe
Nyota yenyewe ndiyo fagio. Vumbi laini linasukumwa na mwanga wake na upepo wake.

#25 Dada_Kimondo
Vumbi ndiyo. Mawe makubwa je?

#26 Mchimba_Mawe
Yanagongana yenyewe kwa yenyewe hadi yanakuwa vumbi. Tupe muda.

#27 Mzee_Falaki
Wakati hawa wanasagana, nielezee upande wa pili. Kuna sayari nyepesi kama pamba. Kepler-51 ina tatu za namna hiyo, msongamano wake, yaani uzito kwa kila sentimita ya ujazo, uko chini ya gramu 0.1. WASP-193 b, iliyotangazwa 2024, ni gramu 0.059: pana kuliko Mshtarii, uzito wake kama moja ya saba ya Mshtarii.

Hapa napo kila mtu na lake. Kwa Kepler-51 wapo wanaosema ni changa, zina miaka milioni 500 hivi, bado hazijapoa na kunywea. Wengine wanasema ni ukungu ulioko juu sana, tunapima ukungu tukidhani ni sayari. Wengine wanasema huenda zina pete kama Zohali, na pete zinaziba mwanga tukadhani ni tumbo. Hubble ilipozitazama mbili kati yake ikaona spektra iliyonyooka, hakuna kilichojitokeza, hivyo ikawa hoja ya watu wa ukungu.

Kwa WASP-107 b jibu lilikaribia. Mwaka 2024 James Webb ilikuta methani ni kidogo kuliko ilivyotarajiwa, dalili kwamba ndani kuna joto kali. Njia yake si duara kamili, nyota inaikanda kila mzunguko, joto linaivimbisha.

#28 FundiChuma
Kukandwa hadi kupata moto hilo nalijua. Pinda waya huku na huku mara kumi, ushike pale unapopindia.

#29 Mzee_Falaki
Ndivyo hasa, FundiChuma. Mfano huo nitauchukua.

#30 Upepo_wa_Kusi
Samahani kuingilia. Naona mnazungumzia gesi na mawe, je ile K2-18 b yenye viumbe?

#31 Dada_Kimondo
Karibu. Haijathibitika ina viumbe. Iko miaka ya nuru 124, uzito wa Dunia 8.6. Mwaka 2023 James Webb ilikuta methani na kaboni dioksaidi, hilo limekubalika. Madhusudhan, huyuhuyu wa almasi, sasa yuko Cambridge, na kundi lake likasema 2025 kuna dalili ya dimethili salfaidi, ambayo Duniani hutolewa na viumbe vidogo vya baharini. Wengine wakachambua data zilezile wakasema dalili haitoshi. Na hata kama kuna bahari chini haijulikani. Inaweza kuwa bahari ya maji, inaweza kuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka chini ya gesi nene.

Unaona ni ugonjwa uleule alioueleza Kokotoo #5. Uzito na upana vinakubali mapishi mengi.

#32 Mchimba_Mawe
Nimesubiri mtu ataje vibete vyeupe naona kimya, nami hii ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nyota kama Jua ikifa, kinabaki kiini chenye upana kama wa Dunia na uzito mkubwa ajabu. Hicho ndicho kibete cheupe. Mvutano wake ni mkali hata kitu chochote kizito kinazama, juu inabaki hidrojeni au heliamu peke yake. Sasa robo hadi nusu ya vibete hivyo vinaonyesha kalisi, magnesiamu, silikoni na chuma usoni. Vimetoka wapi? Ni sayari na vimondo vilivyosogea karibu, vikapasuliwa na mvutano, vikasagwa, vikaanguka. Tena ni juzijuzi kwa kipimo cha anga, la sivyo vingekuwa vimezama.

Hapo hukadirii kwa mizani. Unasoma elementi moja baada ya nyingine, kama mimi na jiwe langu maabara. Ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuona tumbo la sayari ya mbali likiwa wazi.

Mwaka 2021 Keith Putirka na Siyi Xu walichunguza vibete 23 wakasema baadhi ya sayari hizo zilikuwa na aina za mawe zisizo na mfano kwenye mfumo wetu, hata majina ikabidi wayaunde. Nilifurahi kama mtoto. Mwaka 2023 kundi jingine likapima vibete zaidi ya 30, zaidi ya nusu vikalingana na vimondo vyetu vya kawaida. Wao wanasema ugeni mwingine unatokana na makosa ya vipimo. Sijui nishike upande gani, maana nimesoma pande zote mbili na zote zimefanya kazi safi.

#33 Kimulimuli
Na almasi kwenye vibete hivyo?

#34 Mchimba_Mawe
Kaboni ni haba kwa vingi. Vinafanana na mawe yetu, si na sayari yako.

#35 Dada_Kimondo
Kimulimuli usikate tamaa. Kama shida yako ni kaboni tu, kuna pulsa PSR J1719-1438. Pulsa ni kiini kizito cha nyota iliyokufa, kinachozunguka upesi na kutoa mawimbi ya redio. Mwaka 2011 Matthew Bailes na wenzake walikuta mwenza wake ana uzito kama wa Mshtarii, anaizunguka kwa saa mbili na dakika 10, na msongamano wake haupungui gramu 23. Hayo ni mabaki ya nyota iliyonyonywa na pulsa hadi ikabaki kiini, na kiini hicho huenda ni kaboni iliyoganda kuwa fuwele. Hiyo ina haki ya kuitwa almasi kuliko 55 Cancri e.

#36 NuktaSaba
Lakini hiyo ilikuwa nyota. Unaiitaje sayari?

#37 Dada_Kimondo
Kwa uzito ni sayari, kwa kuzaliwa ni nyota. Chagua.

#38 NuktaSaba
Nachagua kuzaliwa. Haihesabiki.

#39 Mzee_Falaki
Turudi kwa mwenye uzi. Mei 2024 Renyu Hu na wenzake walitoa matokeo ya James Webb kuhusu 55 Cancri e. Bila angahewa, upande wa mchana ulitakiwa kuwa nyuzi karibu 2,200. Walipima karibu 1,540. Kuna kitu kinabeba joto kulipeleka upande wa usiku, na spektra inaashiria kaboni monoksaidi au kaboni dioksaidi. Uso wake unadhaniwa kuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka, na gesi hiyo huenda inafuka kutoka humo, inapeperushwa na nyota, inafuka tena.

Bado haijatulia. Darubini ya Spitzer iliona joto lake likibadilika sana kati ya 2012 na 2013, na vipimo vipya navyo havilingani kutoka siku hadi siku. Wapo wanaosema ni volkano. Wapo wanaosema mawingu ya mawe yanatanda kisha yanatoweka.

#40 Kimulimuli
Kwa hiyo kaboni ipo, ila iko juu ikiwa gesi!

#41 Mzee_Falaki
Hiyo ya juu ndiyo tuliyoanza kuiona. Ya chini, ikiwapo, hatuna dirisha.

#42 Kokotoo
Na ile gesi ndiyo huenda inaongeza upana kidogo. Ukitoa gesi kwenye hesabu yangu ya #3, sayari inanywea, msongamano unapanda, hitaji la kitu chepesi ndani linapungua. Nimerudia mara mbili. Sipendi kuandika haya kwa sababu hesabu ya #3 niliipenda.

#43 Jicho_la_Usiku
Wakuu nimerudi. Mawingu yalikuja jana jioni, yakaondoka dakika kumi kabla ya mshuko kuanza. Picha 430 nzuri. Katikati ya mpito ilikuwa saa tatu usiku. Kina cha mshuko ni asilimia 2.3.

#44 Kokotoo
Kipeuo cha pili cha 0.023 ni 0.152. Nyota yake ina upana wa Jua 0.78. Nusu kipenyo cha sayari yako ni kilomita kama 82,000. Mshtarii ni 71,500. Umepata 1.15 ya Mshtarii, na vitabu vinasema humohumo. Kazi safi sana.

#45 Kimulimuli
Jicho, 55 Cancri e huwezi kuipima hivyo?

#46 Jicho_la_Usiku
Nyota yake naiona hata kwa macho anga likiwa giza, iko kwenye kundinyota la Kaa. Sayari yenyewe inaziba chini ya asilimia 0.04. Hewa ya juu yangu inatikisika zaidi ya hapo.

#47 FundiChuma
Hii ya yai viza inapita tena lini? Nataka kukaa nje na wewe, kila mtu kwake.

#48 Jicho_la_Usiku
Kila baada ya saa 53 na robo. Kwa hiyo ni saa nane na robo usiku, usiku wa kesho kuamkia keshokutwa. Itafute M27, nyota iko pembeni yake upande wa mashariki. Hutaiona ikipungua kwa jicho, lakini utajua kuna nini pale.